"Inakuja" haitoshi tena

Wenzetu kadhaa wa migahawa na vibanda hawakuweza kufika kwenye mkutano wetu wa Jumatatu hapa Dodoma, wakaomba waandikiwe nilichosema kuhusu huduma kwa mteja tangu oda za simu na za apu zianze. Nimekiandika chote, pamoja na utani wake. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Nyingi zilikuwa za chipsi.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu wa kaunta na jikoni, hamjambo? Na wenyeji wetu, mbukwenyi!

Ahsanteni. Nyie wa nyuma mmeitikia kama watu waliofunga jiko saa nane za usiku. Najua ndivyo ilivyo, ndiyo maana tumechagua Jumatatu.

Kabla sijaanza, nina jambo la kukiri. Asubuhi ya leo, saa nne kamili, nimeagiza chakula cha mkutano huu kwa simu. Nimeagiza migahawa mitatu tofauti ya hapa hapa mjini. Kote nimesema jambo moja: kifike ukumbini saa sita kamili mchana. Sikujitambulisha. Nimetumia namba ya mdogo wangu ili msinijue. Sasa ni saa tano na dakika tano. Simu naiweka hapa mezani, sauti wazi. Tuendelee.

Nilianza kazi ya uhudumu hapa mjini mwaka 2006, nikiwa binti mwembamba, msinicheke. Mnajua neno la kwanza nililofundishwa kazini? Mtadhani ni "karibu". Hapana. "Karibu" nilikuja nalo kutoka nyumbani. Neno nililofundishwa pale ni "inakuja".

Kipindi cha Bunge la bajeti mnakijua, kuanzia Aprili hadi Juni. Mji unafurika, nyumba za wageni zinajaa, na anayetafuta meza ya kula usiku anasimama mlangoni kama anayesubiri basi. Usiku mmoja wa kipindi hicho, kwenye meza yangu namba saba alikaa mzee mmoja mgeni. Akaagiza kuku wa kienyeji wa kuchoma na ndizi. Nusu saa ikapita, akaniita. "Binti, kuku wangu vipi?" Nikamjibu, "Inakuja, baba."

Ndugu zangu, kuku yule alikuwa hajachinjwa. Alikuwa nyuma ya jiko, amefungwa miguu, anatutazama.

Lakini kazi yangu nilikuwa naijua. Nikampelekea mzee supu kidogo kwenye kikombe, na ndimu, na pilipili pembeni. Nikamuuliza habari za safari. Nikarudi nikafuta meza ambayo ilikuwa safi. Nikamsogezea feni. Kuku alipofika, saa moja na robo ilikuwa imepita. Mzee akala, akasafisha mifupa, akaniachia chenji yote, na akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu: "Binti, hapa mna huduma nzuri."

Huduma nzuri! Jiko limechelewa, mpishi amelewa, mwenye mgahawa hajanunua kuku wa kutosha, na mteja anasema huduma nzuri. Kwa nini? Kwa sababu mimi nilikuwepo. Kwa miaka mingi, ndugu zangu, uso wa mhudumu ndio ulikuwa unalipa madeni ya jiko.

Sasa mchukue kuku huyo huyo, jiko lile lile, umlete leo. Mteja yuko Mtumba, ofisini, kwenye Mji wa Serikali. Ameagiza kwa apu ya chakula kwenye simu. Simu yake inamwambia oda imepokelewa. Kisha inamwambia inaandaliwa. Anaweka simu chini, anafanya kazi, anaichukua tena: inaandaliwa. Anakwenda kunawa uso, anarudi: inaandaliwa. Nimpelekee wapi kikombe cha supu? Nimfutie meza gani? Nimsogezee feni ipi? Sina changu. Saa moja na robo ile ile ambayo mzee aliisamehe, huyu anaihesabu dakika kwa dakika, na mwisho ananipa nyota moja. Naye ana haki.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Watu wanasema apu zimeua huduma kwa mteja. Mimi nasema hazijaua kitu. Zimetuondolea pazia. Kilichokuwa nyuma ya pazia ni jiko letu, na halikuwa limefagiliwa.

Najua mnachotaka kuniambia. "Dada, sisi hata hizo apu hatuna, oda zetu zinaingia kwa WhatsApp, na mpelekaji ni bodaboda wa kijiweni." Ni kweli. Hata kwangu nyingi ndivyo zinavyoingia. Lakini mteja anayekuandikia WhatsApp leo si yule wa zamani. Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, ilikuja na watu, na watu wale walikuja na mazoea yao ya Dar es Salaam. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 765,179 ndani ya jiji hili. Wapo wengi wanaokaa Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu, mbali na mgahawa wako wa Majengo. Mtu huyo amekwishazoea kuona kwenye simu gari aliloliita limefika wapi. Ukimwandikia "inakuja" atakuuliza, "iko wapi?" Na wewe utaanza kukohoa.

Basi niwape kisa changu cha aibu ya pili.

Mwaka jana tulikuwa tunapata malalamiko ya chipsi. Chipsi laini, chipsi zimelala. Mimi nikabisha. Chipsi zangu nazijua, natumia viazi vizuri, mafuta nabadilisha. Nikasema hawa watu wa ofisini wanadeka. Siku moja nikaamua: nikaenda Mtumba kwa rafiki yangu, nikakaa kwenye kiti cha wageni, nikaagiza chakula changu mwenyewe kutoka mgahawa wangu mwenyewe. Chipsi mayai moja, mishikaki mitatu, kachumbari. Kutoka mjini hadi kule ni kama kilomita 17. Mnaijua barabara hiyo, na mnajua jua la Dodoma saa saba.

Mfuko ukafika. Mfuko wa khaki, chini umelowa, mafuta yamechora ramani. Nikafungua kontena. Jamani. Mvuke ulikuwa umepanda ukagonga kifuniko, ukageuka maji, maji yakarudi chini kama mvua. Chipsi zimelala zote upande mmoja, kama abiria wa basi la usiku. Kachumbari, ambayo tuliiweka humo humo ndani pembeni, imetoa maji yake yote na nyanya imekwenda kutembelea mayai. Mishikaki peke yake ndiyo iliyokuwa na heshima. Na hakukuwa na tishu. Hakukuwa na uma. Hakukuwa na kijiti cha meno. Rafiki yangu akanitazama nikila kwa vidole chakula nilichokiuza, akaniuliza kwa upole tu, "Huwa mnauza hivi?"

Mnaona? Ningekuwa na mteja huyo mezani, uma ungekosekana kwa sekunde tano tu. Angeinua mkono, ningekimbia. Chumvi kidogo? Ningeleta. Pilipili? Ipo. Kwenye oda ya kupelekwa hakuna wa kuinua mkono. Kila unachokisahau kinabaki kimesahauliwa mpaka mwisho wa chakula.

Kwa hiyo siku ile nilirudi, nikakaa na mpishi wangu na binti wa kaunta, tukafanya majaribio kama watoto wa shule. Tulifunga chipsi, tukaziacha nusu saa juani kwenye boksi la pikipiki, tukafungua. Tukatoboa kifuniko matundu manne kwa kisu: zikatoka na nafuu kubwa. Tukaweka karatasi chini yake inyonye: nafuu zaidi. Kachumbari tukaihamishia kwenye kikopo chake. Mayai tukayakausha zaidi ya yale ya mezani. Na mwisho tukakubali jambo moja gumu: chipsi mayai haziendi Mtumba. Zinakwenda Area C, zinakwenda Makole, Mtumba haziendi. Tukazitoa kwenye orodha ya oda za mbali. Mpishi alinuna wiki nzima, anasema tunakataa pesa. Mimi namwambia, hatukatai pesa, tunakataa nyota moja.

Kinachosafiri vizuri ni pilau. Wali na nyama ya mchuzi, mchuzi ukiwa kwenye chombo chake. Maharage. Makange ya kuku yanakwenda. Ugali una tabu, ukipoa unakuwa tofali, lakini ukiufunga kwenye foili ukiwa wa moto na mboga ukaitenga, mtu anakula anashukuru. Na mlenda, msinicheke, mlenda kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana unafika kama ulivyotoka jikoni. Nina wateja wawili wa Kisasa, Wagogo halisi waliokwishakaa Dar miaka mingi, kila Ijumaa ugali wa uwele na mlenda. Hawajawahi kulalamika.

Na kuna hili la kunawa. Hapa nataka mnisikilize, hasa mama lishe. Huduma yetu sisi inaanza wapi? Kabla ya chakula, kabla ya soda? Inaanza na maji. Mhudumu anakuja na jagi na beseni, anakumiminia, unanawa, mnasalimiana hapo hapo. Nusu ya ukarimu wetu uko kwenye lile jagi. Sasa mteja wa simu utamnawisha vipi?

Mama mmoja humu ndani, hapendi nimtaje, ana kibanda karibu na soko, aliniambia anachokifanya. Ananunua vitambaa vidogo vya pamba kwa jumla, anavichemsha, anavilowesha maji ya ndimu, anavikunja, anaweka kimoja kwenye kimfuko kila oda ya ugali. Kila oda. Nikamuuliza kinamgharimu kiasi gani. Akasema, "Mwanangu, sijapiga hesabu. Mtu hawezi kula ugali kwangu bila kunawa." Makofi kwa mama huyo. Hakuna apu iliyomfundisha.

Halafu kalamu. Kalamu ya wino mzito, moja tu, ining'inie kwa kamba pale mnapofungia. Kontena zikishafungwa zote zinafanana. Wali nyama na wali maharage ni mapacha. Kule Mumbai, India, kuna watu wanaoitwa dabbawala ambao wamekuwa wakipeleka chakula cha nyumbani maofisini tangu mwaka 1890 hivi, kwa baiskeli na kwa treni, na kwa miaka mingi sana hawakuwa na simu wala nini. Walichonacho ni alama za rangi na herufi juu ya kifuniko cha chombo. Sisi tunashindwa kuandika "bila pilipili"?

Sasa nije kwenye mlango.

Nani ni mteja wa kwanza wa oda ya apu? Fikirini kidogo. Yule aliyelipa bado yuko mbali. Mtu wa kwanza kufika mgahawani kwako ni kijana wa bodaboda. Na tunampokeaje? Tunamwambia, "Wewe, simama nje." Tunamwambia asiegemee ukuta, umepakwa rangi juzi. Akiomba maji tunamuuzia. Mlinzi anamwambia aondoe pikipiki mbele ya mgahawa, anazuia wateja. Yeye ambaye ndiye anakwenda kusimama mbele ya mteja wetu, uso kwa uso, badala yetu!

Kijana mmoja anayepeleka oda zangu, mtu wa maneno machache, nilimuuliza siku moja kwa nini oda zetu zinakaa sana bila mtu kuzichukua. Akasita. Nikamwambia sema tu mdogo wangu. Akasema, "Dada, samahani. Sisi hapa kwenu tunapaita kliniki. Mtu ukija, andika umepoteza siku."

Kliniki! Nililala na neno hilo.

Maana yeye analipwa kwa safari. Dakika ishirini za kusimama juani kwenye mlango wangu hazina malipo. Kwa hiyo oda yangu ikitokea kwenye simu yake, anaangalia jina, anaiacha, anachukua ya jirani. Mimi niko ndani nalaumu apu, nalaumu mtandao, kumbe sifa yangu imekwishasambaa vijiweni kuanzia Jamatini mpaka Sabasaba.

Tulichofanya hakikuhitaji mtaji. Benchi moja la mbao chini ya kivuli. Ndoo ya maji ya kunywa na vikombe. Rafu karibu na mlango ambapo oda iliyo tayari inakaa, namba yake inaonekana, ili asilazimike kupita katikati ya watu wanaokula akiwa na helmeti kichwani akiuliza "oda ya fulani ni ipi?" Na sheria moja kwa wahudumu wangu: anasalimiwa. Si "wewe boda". Anasalimiwa, anaambiwa ukweli: dakika nane, au dakika ishirini kafanye safari nyingine urudi. Haambiwi "inakuja".

Kilichobadilika ni hiki. Zamani mteja akilalamika kuwa chakula kimechelewa, kijana alikuwa anasema, "Wale ndio wanachelewesha, mimi nimesimama pale saa nzima." Alikuwa anatushtaki, na alikuwa anasema kweli. Siku hizi mtu wa Nkuhungu akikosekana kwenye simu, kijana ananipigia mimi, anasubiri, ananiambia, "Dada, kuna geti mbili hapa, jaribu kumpigia tena." Anabeba mchuzi wangu kama anabeba mayai ya mama yake. Mwezi uliopita alirudisha oda kabla hajaondoka, akasema, "Hii ni nyepesi, nahisi mmesahau kitu." Tulikuwa tumesahau kuku.

Nikiwa hapo hapo: acheni kuelekezana kwa miembe. Toka mwaka 2022, kwenye ile operesheni ya anwani za makazi, barabara na mitaa ya jiji hili zimewekewa majina na nyumba zina namba. Nyumba yako ina kibao, nenda ukakitazame. Binti wa kaunta akipokea simu aulize mtaa na namba ya nyumba kwanza, "geti la bluu karibu na kwa mchungaji" ije baadaye. Tuna mageti mangapi ya bluu Miyuji?

Kuna jambo sasa linaniuma, na hili mimi mwenyewe sijalimaliza. Ni mteja aliyekuja kwa miguu yake.

Jumamosi moja, mchana, alikuja mama mtu mzima na mjukuu wake. Wametoka Kondoa, wamemleta mtoto hospitali, wana njaa. Wakakaa karibu na mlango. Siku hiyo tableti ya kaunta ilikuwa inalia kama kengele ya shule, oda juu ya oda. Jikoni wanafuata zinavyoingia. Mama yule amekaa anaona mifuko inapita mbele yake. Mmoja, wa pili, wa tano. Watu wanaofika baada yake wanachukua wanaondoka. Baada ya dakika arobaini akaniita, hakugomba, akanishika mkono: "Mwanangu, kumbe ningekaa nyumbani ningehudumiwa mapema."

Nikakosa la kujibu. Nyie mngemjibu nini? Aliyepanda basi kutoka Kondoa, akaingia kwangu, akasema hodi, amepitwa na mtu aliyelala kwenye kochi Ilazo akabonyeza kioo. Tumefikaje hapa? Tumefika kwa sababu aliyelala kwenye kochi anaweza kutupa nyota moja na mama yule hawezi. Huo ndio ukweli wenyewe, na si mzuri.

Nilichofanya mpaka sasa ni viraka. Apu nyingi zina kitufe cha kusitisha oda kwa muda. Tunakitumia siku za gulio na siku jiko likizidiwa, na najua kila nikikibonyeza napoteza pesa. Nimemtenga mpishi mmoja wa meza tu saa sita hadi saa tisa, haruhusiwi kugusa oda ya mfuko hata ikilia namna gani. Inasaidia. Haijatosha. Mwenye dawa nzuri zaidi anitafute baada ya hapa, nitamnunulia soda.

Pesa nitaipitia haraka maana mnaijua kuliko mimi. Kamisheni za apu za chakula, yaani kile apu inachokata kwenye kila oda, duniani kwa kawaida zinacheza kati ya asilimia 15 na 30. Chukua sahani ya shilingi 12,000. Kwa asilimia 30, 3,600 imekwenda. Vifungashio vizuri, tuseme 600. Umebaki na 7,800, na humo kuna kuku, mafuta, gesi, mshahara na pango. Kishawishi kinachokuja ni kipi? Kupunguza kipande. Usipunguze. Bora uandike bei nyingine kwenye apu kama mkataba wako unaruhusu, lakini kipaja cha mezani na kipaja cha mfuko kiwe kipaja kimoja. Watu wanapiga picha, watu wanalinganisha.

Na mambo haya ya kamisheni hayajatulia popote. Aprili 2020, wakati wa korona, jiji la San Francisco kule Marekani liliweka kikomo cha asilimia 15 kwa apu za chakula. Hapa kwetu, kwa upande wa usafiri wa abiria, mnakumbuka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliposhusha kamisheni hadi asilimia 15: Uber, ile apu ya kuita teksi, ikasitisha huduma, ikaja kurudi mwaka uliofuata kiwango kilipopandishwa hadi 25. Nasema hivi kwa nini? Kwa sababu apu inakuja na apu inaondoka. Jumia, ile kampuni ya kuuza vitu mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na mwisho wa 2023 ikafunga huduma yake ya chakula katika nchi zilizokuwa zimebaki. Aliyekuwa anategemea mlango huo mmoja tu aliamka asubuhi hana mteja hata mmoja anayemjua kwa jina. Wewe, apu yako ikizimwa leo usiku, kesho utampigia nani?

Lakini nikisema "mjue mteja wako" kuna mtu ananielewa vibaya, kwa hiyo nimalizie na hilo, na hapa sitanii.

Mgahawa mmoja, siutaji, mhudumu wa kiume alichukua namba ya dada mmoja kwenye karatasi ya oda. Saa nne usiku akamtumia ujumbe: "Mambo mrembo, chakula kilikuwaje?" Dada yule anakaa peke yake. Mhudumu anajua jina lake, namba yake, mtaa wake, na anajua kwamba huwa anaagiza sahani moja. Mmeelewa alivyojisikia? Hakulalamika kwenye apu. Alihama mgahawa, akawaambia ofisi nzima, na ofisi nzima ikahama.

Mezani, mteja alikuwa anatupa uso wake tu, na akiondoka anaondoka nao. Siku hizi anatuachia nyumba yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mtu na mahali anapoishi vimo ndani yake. Kwangu karatasi za oda zinachanwa jioni, mbele yangu. Simu ya oda ni ya mgahawa, inalala mgahawani. Anayetaka kuchumbia akachumbie kanisani au harusini kama watu wengine.

Kuhusu kujibu nyota moja nilikuwa na mengi, lakini naona... subirini, simu hii.

Haloo? Ndiyo. Ndiyo, ukumbini. Mlango wa kijani. Ahsante, mdogo wangu.

Saa sita kasoro dakika nne. Wa kwanza amefika, pilau, yuko getini. Naomba mtu mmoja akamsaidie kubeba, na mwingine ampe maji, jua ni kali.

Wa pili... ameandika hapa, "Samahani, tutachelewa dakika kumi na tano, pikipiki imepata pancha Chang'ombe, tumetuma nyingine." Sawa. Nimekasirika? Sijakasirika. Nitamsubiri.

Wa tatu kimya. Ngoja nimpigie, naweka sauti juu mnisikilizie wote.

Haloo, shikamoo... marahaba. Naulizia oda ya ukumbini, ya saa sita.

...

Mmesikia wenyewe alichosema. Msicheke, msicheke jamani, mwenye mgahawa huo amekaa humu ndani na mimi simtaji. Haya, sahani ziko wapi? Tuanze na hili pilau lililofika.